Hana Kazi, Analima Tu

Sijui nani aliwadanganya watu kwamba mtoto akisoma sana anaona mbali. Eustaki wa dada yangu Klementina alisoma uchumi chuo kikuu mpaka mwaka wa tatu, na mama yake aliyekaa mbele ya pua yake hakumwona. Nimeshasema na nitasema tena. Anayenuna na anune.

Mimi ni Hellena, nauza mitumba mjini Sumbawanga. Dada alibaki kijijini kwetu, upande wa Chala, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Miaka kumi na moja analima peke yake. Mvua za mwezi wa tatu zinamnyeshea, yeye kainama anapiga matuta yetu ya Kifipa, yale ya kufukia majani chini yaoze, ndipo mahindi na maharage ya msimu ujao yakubali. Mahindi hayo ndiyo yaliyomsomesha Eustaki.

Likizo akija alikuwa anatuhutubia. "Mama mdogo, uchumi una matawi mengi. Kuna uchumi wa kilimo, uchumi wa kazi, uchumi wa fedha, uchumi wa maendeleo..."

"Matawi yote hayo, na jikoni hakuna kuni," nikamwambia. "Shika shoka."

Akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Mwaka jana akaja na dodoso, utafiti wake wa mwisho, anapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za kazi. Siku anamhoji mama yake nilikuwepo. Dada ndiyo kwanza anatoka shambani, tope mpaka magotini, hata jembe hajaliweka chini. Mwanawe kakalia kigoda, anamuuliza kwa sauti ya ofisini, "Je, una kazi?"

Dada akajibu kama tunavyojibu wote huku. "Sina kazi, baba, nalima tu."

Kwetu mwenye kazi ni mwalimu, nesi, na wale ndugu zetu wa Mbeya walioko maofisini. Sisi wengine tunalima tu. Mtoto aliyezaliwa hapa analijua hilo kabla hajaota meno. Eustaki akaandika: hana kazi. Wala hakuinua macho.

Alipomaliza akaacha nakala ya Kiswahili ofisi ya kijiji, kila kaya na majibu yake. Hapo ndipo Mathias, kaka wa marehemu, alipopata alichokuwa anakitafuta. Shamba lile alilitolea macho tangu siku ya matanga. Akaibeba karatasi hadi kwa wazee wa baraza.

"Mwanawe mwenyewe, msomi, ameandika mama yake hana kazi," akasema. "Sasa shamba lililimwa na nani? Si mimi na maksai wangu? Naomba shamba la ndugu yangu lirudi kwangu."

Mwongo mkubwa! Maksai wake walikanyaga pale misimu miwili tu, na kila mara dada alimpa gunia zima la mahindi.

Wazee wakamwita Eustaki. Asubuhi ya kikao aliniambia msimamizi wake chuoni bado hajatoa alama, na ikijulikana utafiti una makosa, atarudia mwaka. Nikamwambia, "Mwaka unarudiwa. Shamba likienda, limekwenda."

Mzee Enock, mwenyekiti wa baraza, hakumzungusha. "Kijana, karatasi hii imekosea au haikukosea? Ukisema imekosea, mama yako anabaki na shamba lake, sote twende nyumbani."

Eustaki akakohoa. "Kwa mujibu wa majibu ya mhojiwa, taarifa ni sahihi."

Mhojiwa! Mama aliyembeba mgongoni, leo ni mhojiwa! Nilisimama nikamwambia huna haya wewe mtoto, huna haya kabisa, wazee wakanivuta nikae. Dada alimtazama mwanawe mpaka kijana akaangalia chini. Mathias akapewa shamba lote, dada akabaki na nyumba na kiwanja chake.

Eustaki alifaulu, tena vizuri. Mwezi wa kumi na moja akanipigia simu: mama aje kwenye mahafali, kitenge kashanunua, nauli kashatuma. Nilichukia hata kumsikia, lakini ujumbe ni ujumbe, nikapanda gari kwenda kijijini.

Nyumbani dada sikumkuta. Nilimkuta kwenye shamba lile lile, pamoja na wanawake wengine watatu, wanatawanya matuta aliyoyapiga yeye mwezi wa tatu, tayari kwa kupanda. Mathias kasimama pembeni na fimbo, anahimiza.

Nikampa dada ujumbe wa mwanawe.

"Siwezi kwenda, Hellena. Shemeji amenichukua kibarua, analipa kwa siku." Hakunyoosha hata mgongo. "Mwambie Eustaki airekebishe ile karatasi yake. Aandike mama yake amepata kazi."