Kukaa Kiti Kimoja na Mkwe

Tangu nirudi kutoka Uingereza, hapa mtaani Kapsoya, Eldoret, nimegeuzwa mtaalamu wa safari. Mtu akipata viza, hata kabla hajamwambia mchungaji, anakuja kwangu. Anaketi, anapewa chai, halafu anauliza abebe nini. Mimi huwaambia wote mambo yale yale. Soksi zisiwe na matundu, maana utavuliwa viatu uwanja wa ndege mbele za watu. Sweta liwe mkononi, si ndani ya sanduku, kwa sababu ndege ina baridi kuliko Eldoret ya Julai. Na usibebe nyama ya aina yoyote. Mimi nilikuwa nimemchomea binti yangu kuku wa kienyeji, nikamfunga vizuri, na afisa wa forodha akamtoa na kumtia kwenye pipa huku akiniomba radhi. Radhi yake haikunisaidia. Yule kuku nilimlea mwenyewe.

Ushauri nilioupata mimi kabla ya kusafiri ulikuwa mwingi na haukuwa na kazi. Kina mama wa kanisa walikuja nyumbani kwa maombi ya safari, wakajaa hadi kwenye ngazi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka mpaka wa Malaba. Mmoja alinionya nisisinzie ndani ya ndege nisije nikapitishwa. Mwingine alisema wazungu hawapiki ugali vizuri, kwa hivyo nibebe mwiko. Niliubeba. Nawapenda wale wanawake, na wakati wa maombi walilia kweli, lakini walinishauri kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichokuwa kinaninyima usingizi.

Kwa hivyo akija mtu wa kwetu, watu wa Bungoma na majirani zao, na anakwenda kumtembelea binti aliyeolewa, namuuliza swali moja kabla ya yale ya soksi. Mkwe wako mtakaa naye vipi? Wengi hucheka. Mimi siwalaumu, na mimi ningecheka.

Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono. Hawali meza moja, hawatazamani machoni, na mama halali katika nyumba ya mkwe wake. Hii si chuki. Ni heshima, na wazee huiita aibu kwa sababu ukiivunja unaona aibu mwili mzima. Hapa Kenya si taabu, nchi ni pana. Unamtembelea binti asubuhi, jioni unarudi kwako, au unalala kwa jirani. Lakini binti yangu ni nesi katika mji mmoja huko Uingereza, na nyumba yao ina sebule ambayo ukinyoosha mguu umegusa televisheni.

Nilikwenda kwa sababu alikuwa amejifungua mtoto ambaye hakulia. Mtoto wa kiume, mimba iliyokuwa imefika mwisho wake. Mkwe wangu hangeweza kunipigia simu mimi moja kwa moja, kwa hivyo alimpigia kaka yangu mkubwa, Bungoma, naye kaka akanipigia nikiwa kwenye cherehani yangu mjini, nashona sare za shule.

"Mkwe wako anaomba uende ukae na mtoto wako," kaka alisema. "Anasema amenyamaza."

"Amenyamaza namna gani?"

"Anapika, anaosha vyombo, anampeleka yule msichana wao shule. Lakini haongei." Halafu akaongeza, kwa sababu ni kazi yake kama mkubwa wetu, "Na unajua hiyo nyumba si yako ya kulala."

"Najua," nilimwambia.

Mkwe wangu naye alijua. Alilelewa kama mimi. Kabla hata sijafika alikuwa ameshanitafutia chumba kwa mama mmoja Mkenya wa kanisa lao, mwendo wa basi kidogo tu. Kila asubuhi nilikwenda kwa binti yangu, nikapika, nikamsuka mjukuu wangu wa kike, nikapiga hadithi za Eldoret. Nilimweleza nani ameolewa, nani amenunua shamba kule Soy akagundua lina wenyewe watatu. Binti alinisikiliza na kusema "eeh, Mama." Hakuna zaidi. Jioni, mkwe akitoka kazini, mimi nilivaa koti nikatoka. Yeye aliingia kwa mlango wa mbele na mimi nikapita jikoni kwenda kwa mlango wa nyuma. Tulikuwa tumezoea hata hatukugongana.

Shida ni kwamba maneno ya binti yangu, tangu utotoni, hutoka jioni. Mchana huwezi kumtoa kitu. Alipokuwa msichana ilibidi nilale kando yake kitandani, taa ikiwa imezimwa, ndipo aniambie nani alimchapa shuleni. Nililijua hilo, na kila jioni nikawa napanda basi.

Siku moja alinishika koti mlangoni. "Mama, si ulale tu hapa? Huku ni Uingereza. Nani atakuona?"

"Nitajiona mimi."

"Basi ulikuja kufanya nini?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua kweli. Nilipanda lile basi nikiwa nimekasirika. Niliikasirikia ile mila, nikamkasirikia kaka yangu na ule mji wenye nyumba za kubanana, nikamkasirikia na Mungu kidogo. Siku zangu za kurudi zilikuwa zinakaribia, na sikuwa nimemsaidia mtoto wangu kwa lolote ila kumchania mtoto wake nywele.

Halafu ikafika siku ya kuzaliwa ya mjukuu, na baba yake akasema kupitia kwake kwamba tunakwenda kwenye bustani ya michezo. Nilidhani ni bembea mbili tatu na mtu anayeuza barafu tamu. Nikamwambia mjukuu nitakuja kuwatazama.

Sasa ushauri wa bustani ya michezo. Vaa suruali. Binti yangu aliniambia hivyo na nikakataa, mimi mama wa kanisa nitavaaje suruali mbele ya mkwe, nikavaa gauni langu refu la kitenge, na upepo wa mahali pale ulinifundisha adabu. Vaa viatu vya kutembea, maana pale ni pakubwa kama shamba la mzungu la zamani. Na ujue kwamba siku nzima utakuwa kwenye foleni. Watu wanalipa, kisha wanasimama kwenye jua, kisha wanatishwa, kisha wanakwenda kusimama tena kwa furaha.

Mjukuu alitaka treni moja inayopanda juu kama inaenda mbinguni halafu inaachiliwa. Alisema hapandi bila kukhu. Kukhu ndiye mimi, nyanya yake, na kwetu hakuna kukhu anayemkatalia mjukuu siku kama hiyo. Mama yake alikuwa amekatazwa na daktari, akabaki kando ya uzio na mikoba yetu, amesimama tu. Tukaingia foleni watatu, mtoto katikati, mimi na mkwe huku na huku.

Ile foleni imezungushiwa vyuma. Unakwenda, unapinda, unarudi ulikotoka, unapinda tena. Kila tukipinda, mimi na mkwe wangu tulijikuta uso kwa uso, na kila tulipojikuta hivyo mmoja wetu aliona jambo muhimu sana angani. Kijana wa watu alilitazama lile anga mpaka nikamhurumia. Nilikuwa sijawahi kumhurumia kabla, kwa sababu sikuwa nimewahi kumtazama. Niliona amekonda. Kola ya shati lake ilikuwa imemlegea shingoni, na mimi ni mshonaji, kola nazijua. Huyu naye alikuwa amefiwa, na sikumbuki kama kuna mtu aliyempa pole.

Tulipofika, mtoto akakaa mbele na baba yake, mimi nikawekwa nyuma yao peke yangu. Nikashukuru. Kisha mjukuu akainua macho akaona reli inavyopanda. Aliruka nje upande wa pili kabla baba yake hajamdaka, akakimbia kwa mama yake pale kwenye uzio, na mama yake akatupungia mkono kwamba twendeni tu. Msichana mwenye sare ya pale akaona kiti kitupu mbele. Akanionyesha nihame, niwapishe watu wawili waliokuwa wanangoja. Nilimweleza kwa Kiingereza changu chote kwamba huyu ni mkwe wangu. Alitabasamu akasema ni vizuri familia ikae pamoja, akanishika kiwiko, akanikalisha, na kile chuma kikashuka juu ya mapaja yetu wote wawili. Chuma kimoja. Mkwe wangu alijisogeza pembeni mpaka nusu ya mwili wake ikawa nje ya kiti. Mimi nikafanya hivyo upande wangu. Tukaanza kupanda hivyo, kila mtu akitazama nchi yake.

Yaliyofuata siyajui vizuri. Najua tulifika juu, nikaona magari yakiwa madogo kama punje za maharagwe, halafu dunia ikatoka chini yangu. Nilimwita mama yangu aliyekufa zamani. Nilishika kilichokuwa karibu. Nilipopata akili, treni ilikuwa imesimama, kitambaa changu cha kichwa kimekwenda, na kilichokuwa karibu kilikuwa ni shingo ya mkwe wangu, nimeikumbatia kwa mikono yote miwili. Naye alikuwa ameishika mikono yangu. Tuliachana kama watu walioshika sufuria ya moto.

Nilishuka nimeinamisha kichwa nikijiuliza nitamwambia nini kaka yangu. Na hapo nikasikia kicheko. Nilikijua kabla sijainua macho, kwa sababu nilikuwa sijakisikia tangu nije. Pale pa kutokea huwa wanaweka picha yako kwenye kioo kikubwa, kila mtu aione, na binti yangu alikuwa amesimama mbele ya yetu. Mimi nimemkaba mkwe, midomo yetu yote miwili wazi mpaka unaona meno ya nyuma, kitambaa changu kikiruka juu kama ndege. Binti alicheka akashika tumbo. Alicheka akachuchumaa. Halafu hakikuwa kicheko tena. Nilikaa chini sakafuni pamoja naye na gauni langu, watu wakatuzunguka wakapita, na alilia kilio ambacho kilipaswa kutoka zamani.

Tulipotoka nje na kuketi kwenye nyasi, mkwe wangu hakuwepo. Alirudi baadaye kutoka upande wa maduka akiwa na mfuko mkubwa. Kwetu aibu ya wakwe ikivunjwa kwa bahati mbaya haiachwi hivi hivi. Mkwe huleta kitu, mara nyingi kondoo, au blanketi la kumfunika mama, na mama akipokea mambo yamekwisha, wanaweza kukaa nyumba moja kama mtu na mwanawe. Kwa kawaida wazee huwa wamekaa wakijadiliana kutwa. Yeye alipiga magoti peke yake kwenye nyasi za watu, akatoa blanketi la rangi ya waridi lenye picha za bata, akalishika kwa mikono miwili macho chini, akamwambia binti yake:

"Mwambie kukhu kondoo niliwaona njiani, lakini wana wenyewe."

Mtoto akaniambia. Nikajikaza nisicheke.

"Mwambie apokee hii. Na leo asiende kwa watu. Alale kwa mtoto wake."

Kaka yangu hakuwa ameulizwa. Hakukuwa na mzee wa kushuhudia, na sijui wazee wa Bungoma wangesema nini juu ya bata. Nilimtazama binti yangu, macho yamevimba, ananitazama kama alivyonitazama mlangoni siku ile ya koti. Nikanyoosha mikono nikalipokea, na nikasema asante, mwanangu, kwake mwenyewe, bila kumpitishia mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza. 

Kwa hivyo ukinijia na viza yako, na binti yako akiwa kule anakuhitaji, nitakwambia jambo hili hata kama wenzangu watanisema. Heshima yako ibebe, ifunge vizuri, lakini mtangulize mtoto wako. Wakwe hupatana. Siku za viza hazirudi.

Jioni ile nilioga kwenye nyumba ya mkwe wangu. Jua la huko wakati wa kiangazi hukawia sana kuzama, tulivuta pazia jua likiwa bado lipo nje. Nililala kwenye kitanda cha mjukuu, naye mjukuu akahamia kwenye godoro chini, na nilikuwa bado najipanga binti yangu alipoingia bila kubisha, akajipenyeza kati yangu na ukuta. Mtu mzima, nesi, mwenye mguu mrefu kuliko kitanda. Nikamsogezea mto. Televisheni ilikuwa inaongea sebuleni, alikokaa mkwe wangu.

Halafu akaniambia jina walilokuwa wamemchagulia yule mtoto. Alisema tangu hospitalini hakuna mtu aliyelitaja humo ndani, yeye anaogopa kumwumiza mumewe, na mumewe anaogopa kumwumiza yeye. Nikalitaja. Binti akakaza kichwa begani kwangu. Kule sebuleni televisheni ikazimwa, na sikusikia mtu akiinuka wala kutembea.

Nikalitaja tena lile jina, kwa sauti ya kumfikia na yeye.