Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Wakfu

Msikiti wetu ulikuwa mdogo, pembeni mwa Bagamoyo, pale njia ya Zinga inapoingia minazini. Ndani yake palikuwa na sanduku la vitabu kumi na saba, wakfu wa tajiri mmoja aliyefariki kabla sijahamia mtaa ule. Sharti lake lilikuwa moja: kitabu kisitoke nje ya ukuta wa msikiti. Anayetaka kusoma aje akae asome. Ufunguo nilikabidhiwa mimi, na mpaka leo sijui kwa nini hasa. Nadhani ni kwa kuwa sikuwa na mke wala mtoto, nalala chumba cha nyuma, na sauti yangu ilikuwa nzuri.

Kazi yenyewe ilikuwa kuanika vitabu uani, kubadilisha karafuu za kufukuzia wadudu, na kungoja wasomaji. Wasomaji hawakuja. Wenye elimu walikaa mjini na vitabu vyao. Mtaani kwetu walikaa wakulima, na wapagazi waliongoja safari ya bara. Basi nikawa nasoma peke yangu, kwa sauti, baada ya alasiri. Mwadhini akipita na mtungi wake huniuliza, "Leo wanafunzi wako mijusi wamefika wapi?" Hakuwa mtu mbaya. Ndiye pekee aliyeona tabu ya kunitania.

Siku moja nikaona mikono inasuka ukili chini ya dirisha. Alikuwa mjane wa nyumba ya pili. Wanawake kwetu hawakuingia msikitini, kwa hiyo alikaa nje, kivulini. Nikaacha kusoma.

"Endelea, mwalimu. Kwani nimekuzuia?"

"Mimi si mwalimu, mama."

"Haya, endelea usiyekuwa mwalimu."

Akawa anakuja kila siku, miezi minne. Hatukuzungumza sana. Lakini niseme kweli: nilianza kuoga kabla ya alasiri, na kuchagua vitabu vinavyopendeza masikioni.

Alikuwa na jambo lake, nalo alilisema mwishoni. Kitabu kimoja katika vile alikinakili marehemu mumewe, aliyekwenda Unyanyembe na msafara, homa ikamzika huko. Kabla hajaondoka alimwambia, "Nimekuandika mwisho wa kitabu." Sasa kaka wa mjane, akaaye Zinga, alitaka kumchukua akakae kwake, naye hakutaka kuhama bila kuyasikia maneno yale.

Nikakitambua kwa jina la mumewe, nikakitoa. Nikasoma ukurasa wa mwisho wote, bila kukwama hata mara moja.

"Sasa niambie amesema nini."

Kiarabu cha vitabu vile nilifundishwa chuo cha Kurani kukitamka, si kukielewa. Wengi wetu tulisoma hivyo, ila wengine hawakukabidhiwa ufunguo. Kwa miezi minne nilikuwa nimemwacha aamini kwamba najua ninachokisoma. Na hata pale ningeweza kumwambia neno lolote zuri, akaenda Zinga ameridhika.

"Sijui, mama. Najua kutamka tu."

"Na vile vyote ulivyosoma?"

"Na vile vyote."

Akacheka kidogo. "Kumbe tulikuwa sawasawa, mimi huku na wewe huko."

Nilikwenda mjini kumsihi sheikh mmoja aje. Alikuja siku ya tatu. Alikuwa na mgonjwa nyumbani, na hakutaka malipo. Alisoma amesimama. Mwandishi anajiombea dua, yeye na wazazi wake, na anaomba radhi kwa makosa ya mkono wake. Basi. Nikamwomba atazame na pambizoni. Akatazama, akarudia ukurasa mzima pole pole. Mke hakutajwa.

Nilimweleza mjane siku ile ile, dirishani. Nikasema labda mumewe alikusudia kuandika, safari ikamharakisha.

"Labda," akasema. Halafu, "Chini ya maandishi pana nafasi?"

"Ipo. Upana wa vidole vitatu."

"Basi niandike wewe. Kalamu unayo."

"Nikiandika, mama, utakuwa umeandikwa na mimi, si na yeye."

"Najua. Mwingine amebaki nani?"

Kalamu niliichovya, sitaficha. Kisha nikaiweka. Nikamwambia mali ya wakfu haiongezwi neno, na hivyo ndivyo ilivyo, sikumdanganya. Lakini pia niliogopa, na sijui lipi lilitangulia. Akakunja ukili wake. "Masalheri, mwalimu," akasema, na safari hii sidhani kama alikuwa anatania. Kesho kutwa yake kaka yake alikuja na punda.

Haya nimeyaandika kwenye karatasi yangu mwenyewe, niliyonunua dukani kwa Banyani. Karatasi kama hizi nilikuwa nazo siku ile, chumba cha nyuma, hatua kumi kutoka pale dirishani. Ningeweza kumwandika kwenye moja, nikampa akaenda nayo. Wazo hilo halikunijia.