Breki za Prescilla

Kiharusi kilipompitia Prescilla Archuleta, mguu wake wa kulia ulirudi nyumbani mvivu. Ulitembea, lakini kwa kubembelezwa. Daktari alisema anaweza kuendesha gari tena, mradi liwe jepesi. Mumewe Seferino akachungulia dirishani, akaiona Shevroleti ya mwaka sitini na tatu imelala chini uani, akajua mkewe hatakubali gari jingine.

Gari lile lilikuwa la Prescilla tangu usichana. Jumapili baada ya misa, mji mzima wa Española unapojipanga barabarani, magari yakiwa yameshushwa hadi karibu na lami na mwendo wa pole ili kila mtu aonekane, yeye ndiye aliyeshika usukani. Seferino alikuwa fundi. Alifuata nyuma kwa pikapu akiwa na spana zake, kwa maana gari zee halina adabu. Sasa breki zake za zamani zilitaka mguu wa kukanyaga kwa hasira, na Prescilla hasira anazo, mguu ndio hana. Pasaka mbili alizipitisha kibarazani, akiwapungia mkono wenzake, na Seferino hakupenda kumtazama usoni siku hizo.

Mwishowe alileta ekseli ya nyuma ya gari la juzijuzi kutoka kwa wauza vyuma chakavu, ina breki za diski. Onésimo, kaka yake Prescilla, alikuja kusaidia kuinua, akabaki akicheka.

"Shemeji, si wewe uliyesema kutia vyuma vipya kwenye gari la zamani ni kumvisha bibi meno ya mtoto?"

"Nilisema. Shika upande ule."

"Nimeshika. Nataka tu nikusikie ukisema tena."

"Onésimo, dada yako anataka kuendesha. Inua."

Ekseli ilikuwa pana. Seferino aliikata huku na huku, akaichomelea upya ili magurudumu yaingie ndani ya madigadi. Mbele nako akafunga diski, kisha busta, lile bakuli jeusi linalousaidia mguu dhaifu kusukuma. Alijaribu kanyagio kwa kiganja, kisha kwa vidole viwili tu. Liliposhuka, alikaa sakafuni mwa gereji na machozi yakamtoka, naye akayaacha.

Asubuhi ya Pasaka alirudisha kwenye buti mifuko ya mchanga, ile ile aliyoiweka tangu ujana ili gari lilale chini vizuri. Prescilla akakaa kwenye usukani, midomo imepakwa rangi.

"Panda," akamwambia.

"Nitafuata na pikapu."

"Miaka yote unatazama mgongo wangu. Panda, mzee."

Seferino akapanda, na tumbo lake likapanda naye. Hawajafika getini, kwenye tuta dogo, tairi ya nyuma upande wake ikasugua madigadi, ikalia, na harufu ya mpira ikaingia ndani. Prescilla akasimamisha.

"Ulipopima ekseli, buti lilikuwa na mifuko?"

"Niliitoa ili nifanye kazi."

"Na ndani alikuwemo nani?"

"Hakuna mtu."

"Kwa hiyo ulimpimia mzimu," akasema Prescilla. "Haya, tutoe mchanga au tukutoe wewe?"

Seferino aliona haya hadi masikioni. Aliuwaza mguu wa mkewe usiku na mchana, akasahau kwamba gari hubeba watu. Akashuka, akatoa mifuko yote. Gari likainuka kidogo nyuma; zamani asingekubali litoke uani namna hiyo, lakini leo alifunga buti, akapanda tena.

Tairi haikulia tena. Waliteremka kilima cha kuelekea kanisani, na chini kabisa magari yalikuwa yamesimama foleni, yameng'arishwa, watoto wamekaa madirishani. Seferino aliyaona yakikaribia. Tangu ule ugonjwa amemfungia mkewe vifungo, amemkatia nyama, amemshika kiwiko kwenye kila ngazi. Mguu wa Seferino mwenyewe ukajikaza, ukaikandamiza sakafu kwa nguvu zote.

Gari likapungua mwendo taratibu, likasimama nyuma ya mwenzake na nafasi ikabaki. Prescilla hakugeuka. Alikuwa akiwapungia watu mkono.

"Sefe," akasema polepole, "toa mguu. Breki ziko kwangu."

Akautoa.