Mume wangu alijiandikisha MBA ili anichunge, mwisho wivu ukanihamia mimi

Wakuu, salaam kwa wote. Mimi humu ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo naweka langu mezani. Sitaongeza chumvi, na pale nitakapoonekana mbaya, basi hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Ni mama wa watoto wawili, tunaishi Bombolulu, huku Pwani. Nafanya kazi kwenye kampuni ya clearing and forwarding, ya kutoa mizigo bandarini, huko Changamwe, na bosi alishaniambia wazi kwamba kiti cha meneja ni changu nikipata MBA.

Nikajiandikisha. Madarasa ni kila Jumamosi, kutwa nzima.

Sasa kule husomi peke yako. Kila kitu ni group. Leadership, group. Teknolojia, group. Biashara ya kimataifa, group. Na group yangu ilikuwa ya wanaume watupu, akiwemo Injinia mmoja mcheshi aliyekuwa akipiga simu tukiwa tunakula chakula cha jioni, kuulizia mambo ya supply chain, yaani ugavi wa bidhaa.

Mume wangu, Baba Neema, akawa hali chakula vizuri. Anasikiliza tu. Nikicheka kwenye simu, ananiuliza supply chain ina kichekesho gani.

Semester ya pili naingia darasani, namkuta Baba Neema amekaa safu ya nyuma, begi jipya mapajani. Amejiandikisha bila kuniambia! Yeye ni mhasibu, ana digrii yake, kwa hiyo hakuna aliyemzuia.

Wanaume wengine hupekua simu za wake zao. Wangu alinifuata mpaka shahada ya uzamili.

Kila kipindi anajipachika kati yangu na Injinia. Mwalimu akiuliza swali kuhusu uongozi, yeye anamkodolea Injinia macho. Nilikasirika, ndiyo, lakini kipande cha moyo kilifurahi. Mwanamke akionewa wivu hujiona bado yumo.

Tatizo likawa watoto. Siku zote Jumamosi ni yeye aliyekuwa akibaki nao. Sasa ikabidi tuwapeleke kwa mama mkwe, Frere Town. Mama mkwe akavumilia kwa muda, kisha akasema yeye alishalea wake, mmoja wetu abaki nyumbani. Akanitazama mimi. Mawifi nao wakanitazama mimi.

Nikamgeukia Baba Neema, nikamuuliza mbele ya mamake, "Wewe kule umefuata nini?"

Akamvuta Neema, akampakata. Wote wakaelewa. Jumamosi iliyofuata nikaenda peke yangu, nikajua nimeshinda.

Kumbe.

Mlango wa pili kutoka kwetu anakaa Bi Rukia. Mjane, hana mtoto, mzuri wa sura, na mkono wake wa mapishi mtaa mzima unaujua. Narudi jioni nimechoka, nakuta bakuli lake lenye michoro ya maua mezani. Pojo za nazi na chapati. Watoto wameshiba, baba yao ameshiba. Jumamosi nyingine, samaki wa kupaka. Neema ananiambia leo baba na Bi Rukia wamecheka sana.

Wakuu, wivu ulinipanda mpaka masikioni. Mwalimu anaeleza competitive advantage, kile kinachokufanya umzidi mshindani wako, mimi naliona lile bakuli.

Kwa wasioijua Pwani: bakuli la jirani halirudi tupu. Hata kama ni embe mbili au sukari kidogo, lazima utie kitu. Ukilirudisha tupu, umesema neno zito bila kufungua mdomo.

Nikalisugua likang'aa, nikalirudisha tupu. Nikampa mkononi. Bi Rukia akachungulia ndani, akanitazama, akasema ahsante, akafunga mlango polepole.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa presentation ya leadership. Usipofika, unarudia kozi nzima mwaka ujao, na bosi hawezi kunishikia kiti hadi huko. Ijumaa jioni Baba Neema anapigiwa simu, anatakiwa kazini kesho kuhesabu mali ya ghala. Mama mkwe yuko matangani Kaloleni. Sikuwa na mtu wa kumwachia watoto isipokuwa yule yule.

Niliamka kabla ya adhana nikapika mahamri, nikaunga mbaazi za nazi. Mimi ni wa bara, mahamri yangu hayaumuki sawasawa. Nikayatia yote kwenye bakuli langu kubwa, nikawashika watoto, nikabisha hodi.

Nikamwamkia shikamoo. Tumelingana kwa umri, sijawahi kumpa shikamoo, lakini siku hiyo ilinitoka yenyewe.

Akafunua bakuli, akatwaa hamri moja, akalibonyeza. Akaniuliza hiyo presentation ni ya mambo gani. Nikamwambia ya uongozi.

"Haya, enda, utachelewa. Watoto waache kwangu," akasema. Kisha, taratibu kabisa, akaongeza, "Bakuli lako ntalirudisha mwenyewe, Mama Neema, mumeo akiwapo. Na halitorudi tupu."

Nilipresent na maneno hayo kichwani. Wenzangu walisema niliongea kama mtu aliyechokozwa. Nimepita, na kiti bado kipo.

Nilichojifunza ni kwamba wivu haumalizwi kwa ulinzi. Baba Neema alilala usingizi siku alipoacha kunichunga, mimi nikaanza kukesha.

Leo ni Jumamosi tena. Niko darasani, naandika haya simu ikiwa chini ya meza. Baba Neema yuko nyumbani na watoto. Bakuli langu bado halijarudi.

Wenye uzoefu na majirani wa Pwani, hebu niambieni: alikuwa ananitania, au alikuwa ananiarifu? Jibuni upesi, kipindi cha mchana kinaanza na sijui kama nikae au nichukue tuktuk.