Tulivyomwombea Uhai Mbwa wa Afande

Mbwa aliyemuuma baba yangu hakuwa wetu. Kwetu mbwa hakanyagi. Sisi ni Waislamu, watu wa duka la vitambaa, tuliohama Jinja kwenda Mbale kwa sababu Baba na kaka yake walishindwa kuelewana nani ni bosi. Tulikuwa na paka tu, na huyo paka alilelewa kwa elimu ya Mama, kwamba paka akishiba hawindi. Basi halishwi. Panya tulikuwa nao vilevile, na nyama za majirani zilikuwa zinapotea vyunguni. Mama akilalamikiwa anasema mnyama hana adabu. Adabu ataipata wapi na tumbo limegusa mgongo? Lakini hayo ya paka tuyaache.

Mwenye mbwa alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, sajini mstaafu wa magereza, mtu wa kaskazini, ambaye mtaa mzima ulimwita Afande. Jina la mbwa siliandiki hapa. Lilikuwa jina la waziri mmoja wa zamani, na jamaa zake bado wapo.

Afande naye alikuwa na elimu yake. Mchana kutwa mbwa alifungiwa ndani ya sanduku la mbao nyuma ya nyumba asione watu, maana akiwaona atawazoea. Ugali wake ulitiwa pilipili, na nyigu wakipatikana walichomwa na kusagwa humo humo, ili ukali uingie kwenye damu. Maji alipewa kwa kubaniwa, eti mbwa anayekunywa sana huwa mpole. Na chanjo ndiyo usiseme kabisa. Sindano ya serikali, kwa maelezo yake, hulegeza meno. Mtu huyu alikula mshahara maisha yake yote kwa kufungia watu ndani, na nadhani hakuwahi kujiuliza wanatoka humo na hali gani.

Alasiri moja, katikati ya miaka ya tisini, ubao mmoja wa sanduku ukaachia. Baba alikuwa anatoka kwenda msikitini na kanzu yake nyeupe. Mbwa akamjia. Sasa Baba pia hakukosa elimu: aliamini mbwa hamuumi mtu anayemkazia macho. Akamkazia. Mbwa akasimama, akainamisha kichwa, akashusha mkia. Baba akatutazama sisi tuliokuwa barazani, kuhakikisha tumeona, kisha akageuka kwa madaha aendelee na safari. Ndipo akaumwa shavu la mguu.

Baba alitaka kwanza kujitoharisha, mara saba, moja kwa udongo. Mama akamwambia udongo apeleke kwenye kanzu, mguu ampe yeye. Akausugua kwa sabuni na maji ya kumiminika, jagi baada ya jagi, mpaka mzee akatokwa na machozi, kisha mimi nikampandisha kwenye bodaboda ya baiskeli tukaenda hospitali.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa Kigisu aliyechoka na siku yake. Akauliza kama kidonda kimeoshwa na sabuni, akasema vizuri sana, halafu akatuambia yasiyo mazuri.

"Dawa ya kichaa cha mbwa ingekuwepo ningemchoma sasa hivi. Haipo, tumeagiza Kampala. Mbwa yuko wapi?"

"Wanamtafutia rungu," nikamwambia.

"Basi kimbia ukawazuie. Mbwa afungwe, alishwe, aangaliwe siku kumi. Akimaliza hizo akiwa mzima, ujue siku aliyouma hakuwa na ugonjwa kwenye mate. Mkimuua leo, hamtajua. Na akianza kuugua, mpelekeni mzee Kampala siku hiyo hiyo. Huu ugonjwa ukishamwanza mtu, hauna tiba."

Baba alisikia neno hilo la mwisho, na njia nzima akamwacha mwendesha baiskeli aende apendavyo. Mtu ambaye huwa anawaelekeza hata akanyage vipi.

Nilipofika nilikuta mtaa umejaa nyuma ya nyumba ya Afande, mbwa amesharudishwa sandukuni. Marungu yapo, majembe yapo. Bibi mmoja alisimama pembeni na kipande cha karatasi akingojea manyoya, maana kwa kujua kwake dawa ni manyoya ya mbwa aliyekuuma, uyachome, upake majivu. Afande mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Mwanzoni, niliambiwa, alisema mbwa ni askari na ametimiza kazi. Aliposikia mtu ametaja polisi, akageuka hakimu.

"Mimi namaliza yeye sasa hivi," alisema, nondo mkononi. "Kesi nakwisha."

Nikapaza sauti nikawaeleza ya muuguzi. Mama, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametangaza kwamba ngozi ya mbwa yule ataifanya zulia la mlangoni, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya sanduku na kutandaza leso yake.

"Atakayemgusa mbwa huyu ameniulia mume," akasema.

Watu wakashusha majembe. Bibi akakunja karatasi yake. Afande, alipoona upepo umegeuka, akasema hapana haja ya wasiwasi, mbwa alidungwa sindano Jinja, wakati yeye akifanya kazi gereza la huko. Ilikuwa habari njema, ila mtaa mzima ulijua mbwa yule alizaliwa nyuma ya bucha pale pale Mbale, Afande akiwa ameshahamishwa kutoka Jinja mwaka mzima. Labda alichanjwa akiwa tumboni, na mama yake hajawahi kupanda gari.

Kuanzia hapo mbwa akawa mgonjwa wetu. Daktari wa mifugo alikuja kesho yake, mtu wa ng'ombe huyo, buti hadi magotini, akacheka kuona watu wote wale wamemzunguka mbwa mmoja. Akaagiza atolewe sandukuni, afungwe kamba ndefu penye kivuli, maji safi yakae mbele yake saa zote, pilipili marufuku. Afande akabisha kidogo juu ya pilipili. Mama akamjibu kabla ya daktari.

"Akitokwa na mate tutajuaje ni kichaa au ni pilipili yako?"

Daktari akatufundisha dalili: mbwa kubadilika tabia, sauti kukwaruza, taya kulegea, kushindwa kumeza, kujificha gizani, kung'ata hewa. Ilikuwa kosa kubwa kuyasema hayo hadharani. Tangu siku hiyo kila mtu mtaani akawa daktari wa mbwa. Akipiga miayo, taya limelegea. Akilala kivulini, anatafuta giza. Akimkosa nzi, amekwisha, anang'ata hewa. Fundi viatu wa pale njiani, ambaye mke wake alikuwa akikohoa mwaka wa pili bila kupelekwa popote, alikuja asubuhi na jioni kuchungulia rangi ya ufizi wa mbwa.

Chakula kilitoka kwetu. Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu aliulizwa. Mama alimpikia ugali wa posho na supu ya mifupa, akajaribu mukene, zile dagaa za ziwani, akaona anazipenda, akanunua zaidi. Paka wetu akikaa ukutani anatazama, na sisi tukila maharage. Mimi ndiye niliyempelekea, nikiisukuma sahani kwa ufagio siku za mwanzo, nikiwa na hasira nisiyojua nimtolee nani. Nilimwogopa. Halafu nikaona kupe waliojaa masikioni mwake, wanene kama maharage yetu, na vidonda alivyojisugulia kwenye mbao, nikaona nimechoka kumwogopa. Daktari aliwang'oa kupe, akampaka dawa. Mbwa alisimama kimya akitetemeka, hakumwonyesha mtu jino.

Na Baba? Baba alianza kumsabahi. Alfajiri, akitoka kuswali, kabla hajatuuliza sisi tumeamkaje, alikwenda hadi kwenye ua akaita ng'ambo, "Habari ya asubuhi, bwana?" Mbwa akisikia sauti hiyo anainuka na kuchezesha mkia. Baba anarudi na uso umekunjuka, anaweza kunywa chai. Tulimtania kidogo. Nilimwona mara moja akijaribu kumeza mate huku ameshika koo, akijipima, na utani ukanitoka. Nilimpenda sana baba yangu, na nilikuwa sijui hilo vizuri mpaka uhai wake ukafungwa kwa kamba kwenye nguzo ya Afande.

Kisha akatufikia baba mkubwa kutoka Jinja, yule wa ugomvi wa ubosi. Hawakuwa wamesemezana tangu tuhame. Aliposhuka alikuwa na begi la nguo ambalo mtu habebi kwa kumjulia mgonjwa hali. Akamkumbatia Baba, akalia vizuri tu, akauliza ya mguu kwa juu juu, na baada ya chai akaomba aonyeshwe duka. Alipita rafu kwa rafu akipima vitenge kwa macho. Akaniuliza mwenye jengo ni mtu wa namna gani. Jioni akamshauri Baba aandike wosia, "kwa usalama wa watoto," na akajitolea mwenyewe kuwa msimamizi. Ya mbwa hakuuliza hata siku moja. Nadhani yeye peke yake pale Mbale ndiye hakumwombea mbwa afya.

Siku zikiwa zimekaribia kwisha, mbwa akakataa kula. Nilipeleka sahani asubuhi, akainusa, akageuza kichwa. Mchana akageuza tena. Maji hakuyagusa. Akaenda kulala uso kwenye ukuta. Niliporudi sikuwa na haja ya kusema, Mama aliona sahani. Akakaa chini pale pale jikoni. Baba akavaa koti lake la safari, akakaa kwenye kiti karibu na mlango akingoja tumtafutie gari la Kampala. Baba mkubwa akaleta kalamu. Wallahi, nilitamani mbwa amuume na yeye.

Nikamfuata daktari mbio hadi kwenye josho la ng'ombe. Alikuja, akapiga magoti, akambonyeza mbwa tumbo, akamfungua taya, akamwangalia machoni kwa muda. Halafu akauliza nani mwingine amempa chakula. Mwisho mwenye bucha akainua mkono nusu. Kwa huruma tu, alisema, alfajiri alimtupia matumbo ya mbuzi na mafuta yake yote, maana mgonjwa anahitaji nguvu.

"Huyu ameshiba," daktari akasema. "Hajawahi kushiba tangu azaliwe, hajui afanye nini."

Kabla ya magharibi akaamka, akanywa karai zima la maji. Mama alilia kwa furaha mbele ya watu. Baba akavua koti. Baba mkubwa akasema Alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyepitwa na basi.

Siku kumi zikaisha. Daktari akamkagua mbwa mara ya mwisho, akasema mzee yuko salama, akamwambia Afande sasa ampeleke mbwa akachanjwe, ni bure. Afande akasema atafikiria. Daktari alipoondoka tu, yeye akamwita mbwa, na mbwa akaja akiviringika miguuni, tumbo juu. Afande akatugeukia.

"Nyinyi naharibu mbwa yangu. Sasa hii nalinda nini?"

Akapigilia ubao wa sanduku, akamrudisha ndani. Nikamwambia Baba azungumze naye, asikubali, angalau habari ya chanjo. Baba alikuwa akihesabu wageni wa kuwaalika. Alinijibu kwamba mbwa ana mwenyewe.

Tukafanya dua ya shukrani, pilau ya sufuria mbili, sebule imejaa hadi barazani. Afande akaja, akakaa mbele kwa heshima zote. Baba akasimama na mguu wake mzima. Akamshukuru Mungu, akamshukuru muuguzi, daktari, Mama, majirani, mwenye bucha akachekwa kidogo. Halafu akamshika baba mkubwa bega na kusema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na ndugu yake huyu aliacha shughuli zake zote Jinja kwa ajili yake. Watu wakaitikia. Ng'ambo ya ua, ndani ya sanduku, mbwa alikuwa ameisikia sauti aliyozoea kusabahiwa nayo kila alfajiri, na mkia wake ukaanza kupiga mbao. Baba akiongea, unapiga. Akinyamaza, unanyamaza. Wageni wakaanza kugeuza shingo.

Baba akaniambia nifunge dirisha, tusikilizane. Nikainuka, nikaenda dirishani, nikafungua na ubao wake wa pili, nikarudi kukaa nikaendelea kula.