Muuza Koi na Kidole Chake

Muuza koi wa nyumba ya pembeni ana mazoea ya kugonga ukingo wa tangi kwa kidole kabla hajawalisha samaki wake hao wa mapambo. Hugonga taratibu, kama mgeni mwenye adabu mlangoni, na wale samaki weupe wenye madoa mekundu hupanda juu midomo wazi. Maji yao machafu hupandishwa na pampu hadi kwenye makarai ya kokoto, yakalishe saladi iliyopandwa humo, kisha hurudi tangini yamechujika. Saladi huiuza bila kinyongo. Kazi iko kwenye kuuza samaki. Mkewe kishamwambia tangi limejaa, wataanza kufa, na yule mkubwa mwenye doa kichwani lazima aondoke. Leo mnunuzi kaja, anamtaka huyo huyo.

"Mkubwa? Hayupo, dada yangu," muuza koi akamkana, macho chini, na kwa wasiwasi kidole kikagonga ukingo. Mkubwa akaibuka.

"Na huyu?"

"Huyo mgonjwa. Hata kula hali."

Mnunuzi akadondosha jani la saladi. Likamezwa kabla halijalowa.

"Kama huyo ni mgonjwa, mume wangu, basi wewe tukuzike kabisa," akasema mkewe, mfuko wa kumtilia samaki keshaushika.

Muuza koi akamvua mwenyewe, polepole, kama anayemnyanyua mtoto aliyelala, akamsindikiza mnunuzi hadi getini. "Usimpigie kelele," akamwusia. "Ukimtaka, mgongee tu. Hivi." Akagonga geti.

Ndani ya mfuko, samaki akamgeukia, akafungua mdomo.