Mbwa Aliyeitwa Wangu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani mwenye wivu usiojificha. Akikuazima mkasi, anakuja kukaa pembeni mpaka umalize. Alipopata mtoto wa mbwa hakuhangaika kutafuta jina. Alimwita Wangu.

Alimfungia kwenye chumba chake cha kushonea, ajue mikono yake tu. Basi Wangu akawa anambwekea kila mteja, na siku moja akamrukia mzee mmoja mwenye kofia pana, akampasulia suruali aliyokuja kupunguziwa. Mwenye nyumba akasema mbwa akimgusa mtu tena, aondoke.

Daktari wa mifugo hakumung'unya maneno. "Umemficha mno, mama. Bado mdogo, atazoea. Abebwe na watu wengine, asikie kelele, aone kofia na miavuli. Ila msimlazimishe. Akiogopa, msogezeni mbali. Akitulia, mpeni kipande cha nyama."

Watu wengine wenyewe ni mimi, ninayesuka nywele chumba cha pili. Wifi alinikabidhi mbwa huku amevuta mdomo.

"Usimbusu."

"Nani ambusu mbwa, wifi?"

"Nakujua wewe. Kaka yangu ulimchukua hivihivi."

Draya ya kukaushia nywele ilipounguruma Wangu alitetemeka. Nikamsogeza mlangoni, alipotulia nikampa nyama. Baada ya siku chache alikuwa analala chini ya draya ileile, na wateja wangu wakaanza kumwita. "Wangu, njoo!" "Wangu, kaa!" Kila "Wangu" ilipopenya ukutani, cherehani ya wifi ilinyamaza.

"Mwambie huyo wa rasta kwamba si wake!" alipiga kelele.

"Si umempa jina mwenyewe?"

Wivu ulimchoma, nami nikafurahi kweli.

Mzee wa kofia aliporudi, mwenye nyumba alikuja naye kushuhudia. Wangu akanusa viatu vya mzee, akatikisa mkia, akalala chali akunwe tumbo.

"Abaki," alisema mwenye nyumba.

Tulishangilia wote isipokuwa wifi. "Sasa kwake mimi na huyu mzee tuko sawa," alisema, machozi yakimlengalenga.

Jioni nilipofunga saluni nilimwita kutoka mlangoni kwa wifi kama kawaida, "Wangu, njoo tuagane!" Aliinua kichwa, akanitazama, kisha akakirudisha juu ya mguu wa wifi, palepale kwenye pedali. Gauni la mteja lilikuwa limeshonwa nusu, lakini wifi hakusogeza hata kidole. Aligeuka tu kuhakikisha nimeona.

Niliona. Nikaenda zangu na wivu wangu, mlango nikaubamiza.